Mponyaji wa nguvu au kliniki ya akili: ukiwa Kisumu, uende wapi?

Ndugu yako hajalala siku kadhaa, anajibizana na watu usiowaona. Shangazi anataka apelekwe kwa mponyaji wa nguvu, yule anayefanya reiki. Wewe unawaza hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga.

Reiki, iliyoanzishwa na Mikao Usui huko Japani mwaka 1922, ni kuwekewa mikono mwilini au karibu na mwili ili nguvu ipite. Sayansi haijaiona nguvu hiyo. Lakini mgonjwa hupata muda wa utulivu, na hakuna anayemwita chizi. Waluo nao waliwajua juogi, yaani pepo: aliyepagawa nao aliweza hatimaye kuwa ajuoga, mganga wa kutafutwa na wengine. Hapo wazee walituzidi sisi tunaofungia watu chumba cha nyuma.

Kliniki ina foleni, na daktari ana haraka. Ila dawa yake, haloperidol, hutuliza sauti anazozisikia mgonjwa. Shida ni kwamba inaweza pia kukaza misuli: mikono inatetemeka, mate yanatoka, mwendo unakuwa wa mtu wa mbao. Majirani wakiona hivyo husema sasa ndiyo ameharibika kabisa, kumbe ni dawa. Mrudishe kliniki, kipimo hupunguzwa au yeye huongezewa benzhexol, dawa ya kulegeza mkazo huo. Asiache dawa kimyakimya.

Kwangu mimi, asiyelala, asiyekula au anayetaja kufa ni hospitali kwanza, usiku huohuo. Shangazi ampeleke kwa mponyaji baadaye akitaka, mradi mponyaji huyo asiguse vidonge.