Uzoefu wangu: hotpoti za "bei njoo DM"

Hotpoti zenyewe ni nzuri. Nalisema hilo mwanzo ili mtu asije akadhani nina ugomvi na hotpoti. Jumapili moja baada ya harusi tulikwenda kumtembelea mdogo wangu kwake, wali uliopakuliwa saa sita mchana tukaufunua saa kumi, na mvuke ukampiga shangazi kwenye miwani mpaka akaivua kuifuta. Kwa upande wa bidhaa sina neno. Nyota nne, hata tano.

Aliyeniuzia ndiye ninayetaka kumsema, na namna alivyonipangia bei.

Ilikuwa kama wiki mbili kabla ya kichen pati ya mdogo wangu, au tatu, maana siku zile zilikuwa za vikao na michango na sikumbuki kipi kilianza. Zawadi yangu nilishaamua: seti ya hotpoti tatu, rangi ya krimu, zenye mstari wa dhahabu kwenye mfuniko. Nikaiona Instagram kwenye duka moja lenye wafuasi wengi tu. Picha safi, mwanga mzuri, na chini yake yale maneno mnayoyajua: "Bei njoo DM mpenzi," yaani uulize kwa ujumbe wa faragha. Nikaenda.

Zilipita kama dakika mbili, jibu likaja. "Mambo mpenzi. 95 tu, zimebaki seti mbili." Nikauliza kama inapungua. Akajibu: "Hapo nimeshakupunguzia kipenzi, wengine nawapa kwa 100." Nikashukuru. Nilishukuru kwa moyo wote, maana niliamini nimetendewa wema. Akanihamishia WhatsApp, akanitumia lipa namba, nikalipa 95,000, na bodaboda nikamlipa 7,000 mwenyewe alipofika Tegeta na boksi lake limefungwa kwa kamba.

Sasa, ninaishi na binti wa mama yangu mdogo. Naye alizipenda zile hotpoti tangu nilipomwonyesha picha, na boda akiwa bado yuko njiani yeye akaingia kwa simu yake kuuliza, akiwa na nia ya kumnunulia mama yake siku akijaliwa. Jibu lake lilikuja wakati tunalifungua boksi sebuleni. Akanisogezea simu bila kusema kitu. "65 mpenzi, bodaboda juu yako."

Duka lilelile, picha ileile, mchana uleule. Elfu thelathini kati yetu.

Nikaitazama ile simu, nikaitazama yangu. Akaunti ya binti ina picha ya ua jekundu, wafuasi hawafiki mia mbili, hajaweka chochote tangu alipomaliza shule. Yangu ina picha niliyopigwa kwenye harusi ya rafiki yangu: nimevaa gauni la kijani la sare, nywele zimetengenezwa, nimesimama na mkono kwenye boneti ya gari jeusi linalong'aa. Gari lile lilikuwa la kukodi, lilikodiwa na kamati ya harusi kumbeba bibi harusi. Na jibu la kwanza halikuwa limekuja papo hapo. Zilipita zile dakika mbili. Naamini alizitumia kufungua ukurasa wangu.

Hata hivyo sikutaka kumhukumu mtu haraka. Nikajiambia labda bei yangu ilikuwa na usafiri ndani, lakini usafiri nimelipa mwenyewe. Nikajiambia labda bei imeshuka leoleo, mzigo mpya umeingia. Basi nikamwandikia, na kwa heshima kabisa: "Samahani dada, mwenzangu ameambiwa 65 kwa seti hii hii. Naomba nielewe tofauti." Tiki zikageuka bluu. Kimya. Nikapika, nikala, nikaosha vyombo. Baada ya muda mrefu likaja jibu la sauti, la sekunde kama arobaini hivi, na nimelisikiliza mara nyingi kiasi kwamba nalijua kwa moyo.

"Dada yangu, biashara ni makubaliano. Nimekutajia bei, umesema sawa, umelipa, sikukushika mkono. Kama uliona ni kubwa ungesema. Na kwa kweli nashangaa, mtu wa hadhi yako unakuja kulalamikia elfu thelathini?"

Nikaandika mstari mmoja kumuuliza hadhi yangu ameijulia wapi. Haukufika. Nilikuwa nimeshapigwa bloku, WhatsApp na Instagram kote.

Hadhi yangu. Elfu thelathini ile ni mchango wangu wa kikoba, na mwezi ule niliuchelewesha. Mtu ambaye hajawahi kuniona alitazama gari la kukodi akaamua kwamba fedha yangu haiumi.

Kuna rafiki aliisoma hadithi hii akaniambia, "Lakini wewe si umekulia Kariakoo? Bei ya Kariakoo lini ikawa moja?" Ana haki ya kuuliza, na ni kweli. Mimi nimezunguka na mama yangu Mtaa wa Kongo tangu nikiwa nashika pindo la khanga yake. Mama alikuwa akivua hereni zake za dhahabu nyumbani, anavaa kandambili na khanga iliyopauka, ndipo tunapanda daladala. Alijua muuzaji anaanzia miguuni kupanda juu kabla ya kutaja bei. Bei ikitajwa, mama anacheka, anageuka, anapiga hatua tatu nne, na sauti inamfuata nyuma: "Mama njoo, sema una ngapi!" Sijawahi kuona ubaya katika hilo. Muuzaji anakusoma, nawe unamsoma. Unaona kama duka limejaa au limekauka, unaona kama jua limemchosha na anataka kufunga.

Na zaidi ya yote, unasikia. Mama aliyekutangulia anapatana na sufuria, wewe umesimama nyuma yake na masikio yako yapo. Amepewa kwa ngapi, umejua. Duka la pili linauza sufuria ileile, muuzaji wake anakuita kwa mkono huku wa kwanza bado anaongea. Hakuna anayeweza kumwambia mama yangu "wengine nawapa kwa 100" wakati hao wengine wamesimama pale pale.

"Njoo DM" imeondoa hayo masikio. Kila mteja anaingizwa chumba chake, mlango unafungwa, anaambiwa bei yake, na anaambiwa amependelewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko elfu thelathini. Tulikuwa tunapatana na mimi sikujua kwamba tunapatana. Yeye alikuwa na picha zangu zote mbele yake, mimi nina picha ya hotpoti.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nasoma. Kumbe wakubwa wa dunia walianza zamani. Mwaka 2000 wateja wa Amazon huko Marekani waligundua kwamba wanauziwa DVD ileile kwa bei tofauti. Kampuni ikasema lilikuwa jaribio la bei za kubahatisha tu, haikutazama mteja ni nani. Lakini ilikiri lilikuwa kosa na ikawarudishia fedha wateja 6,896, wastani wa dola 3.10 kila mmoja. Dola tatu! Kampuni kubwa kama ile ilihangaika kurudisha dola tatu. Mimi sikurudishiwa hata salamu.

Halafu mwaka 2012 ikaja habari ya Orbitz, wale wa kuuza nafasi za hoteli. Waliona kwamba wanaotumia kompyuta za Mac hulipa hadi asilimia 30 zaidi kwa usiku mmoja, basi wakawa wanawatangulizia hoteli za ghali. Chumba kilekile hakikubadilishwa bei, hilo walilisisitiza, ila kinachoonyeshwa kwanza kilitegemea kifaa ulichoshika. Niliposoma hapo nikaikumbuka ile boneti. Wao walikuwa na Mac, mimi nilikuwa na gari la harusi.

Na jimbo la New York, mwaka 2025, limeanza kuwalazimisha wauzaji waandike waziwazi pale kwenye bei kama imepangwa na algorithimu, yaani hesabu za kompyuta, kwa kutumia taarifa binafsi za mteja. Sheria ile inazungumzia mashine. Kwetu hakuna mashine iliyonipangia bei. Ni kidole kilichopanda na kushuka kwenye picha zangu. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sidhani kama aliyeitunga alimfikiria muuza hotpoti anayetazama picha ya harusi ambayo nimeiweka hadharani mwenyewe. Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko sheria. Andika bei chini ya picha. Ukitaka kupunguza, punguza mbele za watu.

Nimewahi kumuuliza mfanyabiashara mmoja ninayemheshimu kwa nini wanaficha. Akaniambia washindani huja kuchungulia bei wakaishusha kwa mia tano, na kwamba komenti nyingi za "bei?" zinaisukuma picha iwafikie watu zaidi. Sababu ya kwanza naielewa, kodi ya fremu ni kubwa na soko limejaa. Ya pili pia naielewa. Lakini zote mbili zinaeleza kwa nini bei imefichwa. Hazielezi kwa nini iwe mbili.

Nirudi kwenye nyota. Nilisema tano kwa hotpoti. Kwa huduma nilitaka kutoa mbili, maana alijibu haraka, mzigo ulifika mzima siku ileile, na bodaboda wake alikuwa kijana mstaarabu aliyenisaidia kuingiza boksi ndani bila kuombwa. Lakini kila nikifika kwenye "mtu wa hadhi yako" zile mbili zinanitoka mkononi. Sitoi hata moja. Na zile tano za hotpoti nazo, kusema ukweli, kila nikimtembelea mdogo wangu nikaziona mezani, naona mstari wa dhahabu na naisikia ile sauti. Mdogo wangu anazipenda sana, sijamwambia chochote wala sitamwambia.

Dukani kwake sirudi. Au niseme hivi: kama ningeweza kuingia na akaunti yenye ua jekundu, na bei ikawa 65, ningenunua tena, kwa sababu Kariakoo nimezitafuta na za ubora ule sijaziona chini ya 70. Hilo nalo linanikera kuliko yote.

Juzi binti akaniita. Picha ya hotpoti zilezile imewekwa tena, maneno yaleyale, na chini yake watu kwa makumi wanauliza "bei?", "bei jamani", "bei ya hii krimu". Akaniuliza, "Dada, niandike?" Nikamwambia aandike alichoambiwa, asiongeze neno. Akaandika: "Mimi niliambiwa 65,000, bodaboda juu yako."

Ilikaa kama robo saa kabla haijafutwa. Ila kabla haijafutwa kulikuwa na mtu ameshaijibu: "Mbona mimi nimeambiwa 80?"