Kozi ya anatomia na mwendo wa mwili hapa Dodoma: mwalimu nyota tano, waandaaji nyota mbili

Mbukwenyi wadau. Wengi mmeniuliza kuhusu ile kozi fupi ya wikiendi ya walimu wa jimu, viongozi wa jogingi na walimu wa michezo mashuleni, ile ya ada elfu sitini na chai humo humo. Jibu la haraka ni kwamba mwalimu nampa nyota tano, waandaaji nawapa mbili, na wakiirudia nendeni. Jina la waandaaji siliweki hapa kwa sababu nina ya kuwasema.

Tuanze na hayo ya kuwasema yaishe. Tumeambiwa saa mbili kamili asubuhi, tumeanza saa nne kasoro kisa projekta haina waya wa kuunganisha na laptopu, watu wazima na akili zetu tumekaa kwenye viti vya plastiki tunaangaliana tu, feni ni moja na yenyewe inazunguka kwa manung'uniko, ukifungua dirisha upepo wa Dodoma si mnaujua, vumbi mpaka kwenye kikombe. Halafu slaidi zote Kiingereza cha kitabuni, na nusu ya ukumbi ni watu wa mazoezi sio madaktari. Kwa hela ile hapana.

Sasa mwalimu. Ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kijana tu, baada ya slaidi nne hivi akasoma nyuso zetu akaona hatuelewi kitu, akazima projekta mwenyewe. Akauliza nani anakumbuka nyenzo za shule ya msingi, egemeo, jitihada na mzigo. Watu wakacheka, kumbe ndio somo lenyewe limeanza. Akamwita dogo mmoja wa jimu, akampa dumu la maji la lita tano alishike mkono umekunjwa nyuzi tisini, akaendelea kuongea kama kamsahau. Kiwiko ndio egemeo, akasema, baisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono wa juu, imejishika kwenye mfupa sentimita nne au tano tu kutoka hapo, dumu lenyewe liko sentimita thelathini na kitu mbele, kwa hiyo pigeni hesabu. Ukipiga unakuta dumu la kilo tano linautaka msuli uvute kama kilo 35, na hapo uzito wa mkono wenyewe hujaugusa. Dogo jasho limeanza kumtoka!

Kuna mwalimu wa shule akauliza swali zuri sana, kwa nini sasa mwili ujengwe kwa hasara namna hiyo? Jibu ni kwamba unachopoteza kwenye nguvu unakipata kwenye mwendo, msuli unajikunja kidogo tu ila kiganja kinasafiri mbali na kwa kasi, ndio maana unaweza kurusha jiwe. Na misuli yote inavuta tu, hakuna msuli unaosukuma. Hata ukipiga pushapu ni traisepsi iliyo nyuma ya mkono inavuta ncha ya kiwiko ndipo mkono unanyooka. Hili mimi nimeanza kuwaambia wateja wangu jimu na wanalielewa papo hapo.

Ila kipande kilichoamsha ukumbi ni cha muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayopigwa imebanwa katikati ya mapaja. Kulikuwa na mama mmoja mwalimu wa msingi ametoka Chamwino, mwalimu wetu akamwambia, mama yangu, wewe ngoma hii umeipiga, hebu tuonyeshe. Mama akasema mwanangu miguu ya siku hizi haina mkataba, lakini akasimama, akabana ndoo ndogo ya plastiki katikati ya mapaja, akaanza kuipiga kwa mikono yote miwili huku anasogea mbele kwa hatua fupi fupi. Ndoo haishuki! Mwalimu akatuambia tushike mapaja yetu kwa ndani tubane magoti, pale panapokuwa pagumu ndio kundi la adakta, misuli inayoanzia mfupa wa kinena na kushikilia mfupa wa paja, kazi yake kuvuta paja liende ndani. Ndio ile wachezaji mpira wanatolewa nje wameishikilia. Dogo wa dumu akajaribu, kubana aliweza vizuri tu, kupiga na kutembea kwa wakati mmoja ndio ikawa kasheshe, kwa sababu ukitupa mguu mbele paja moja linabana huku linasogea na lingine linabana huku limebeba mwili mzima, hapo nguvu za kunyanyua vyuma peke yake hazitoshi.

Mchana tukahamia kwenye kusimama mguu mmoja, na watu wa jogingi hapa naomba mnisikilize. Kuna daktari wa upasuaji Mjerumani, Trendelenburg, aliyelieleza jambo hili 1895. Ukisimama mguu mmoja, msuli wa pembeni juu ya nyonga, gluteasi midiasi, lazima uvute kwa nguvu ili nyonga ya upande wa pili isidondoke, na kwa vile unavuta kutoka karibu na egemeo, kiungo cha nyonga kinabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 hiyo ni kama kilo 200, umesimama tu. Ukikimbia, kila mguu ukigonga lami ardhi inakurudishia mara mbili hadi tatu ya uzito. Msuli huo ukiwa dhaifu paja linaingia ndani, goti linafuata, halafu mtu analaumu raba za mtumba.

Kwenye skwati, lile zoezi la kuchuchumaa na kuinuka, tulibishana sana. Ile amri ya goti lisipite vidole vya mguu mwalimu hakuikubali kama sheria, akatusimamisha wenye mapaja marefu, akatulazimisha tuzuie magoti, wote tukainama mbele kama tunatafuta sarafu. Mzigo haujapotea, umehamia nyonga na mgongo wa chini. Mwenye goti bovu unaweza kumpunguzia hivyo, mwenye mgongo mbovu unamuumiza.

Mwisho akagusia utafiti wa 1986 kwenye jarida la Nature, wa kina mama wa Kikikuyu na Kijaluo kule Kenya, kwamba mzigo wa kichwani, au wa mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei nishati ya kutembea, ukizidi hapo ndio gharama inapanda. Mama wa Chamwino akauliza, asilimia 20 ndio ndoo ya lita ngapi? Kwa mtu wa kilo 60 ni kama lita kumi na mbili. Akaguna, akasema wa Kenya wana ndoo ndogo.

Kama umesoma baolojia ya kidato cha tano na sita, asubuhi ya kwanza ya mifupa 206 itakuchosha, njoo mchana. Kama unafundisha watu mazoezi kwa kuangalia video tu, usikose. Vaa bukta maana utalala chini sana, beba maji yako, na dai risiti, kwa sababu cheti tuliambiwa wiki ijayo na hiyo wiki ijayo bado haijafika.