Bastola au bunduki ya marisau? Mwongozo wa mnunuzi wa Mombasa

Uliza barazani ununue silaha gani, na kila mtu atakutajia jina la kampuni. Kwa anayeishi Mombasa, kampuni ni jambo la tatu. La kwanza ni chumvi ya bahari. La pili ni kuta za nyumba yako, na nani analala nyuma ya kuta hizo. Orodha hii nimempangia mtu anayetaka silaha moja tu, ya kulengea shabaha siku za mapumziko na ya kukaa nyumbani.

Sheria itangulie, maana ndiyo inayoamua utaondoka na nini dukani. Kenya hununui kisha ukaomba kibali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uwe na cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha kwanza. Njiani utaombwa cheti cha tabia njema cha DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, utapimwa akili, na utaulizwa sababu. Cheti chenyewe kinataja aina ya silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho, kwa hiyo amua kabla ya kujaza fomu. Bunduki za kivita za kumimina risasi hazimhusu raia, usipoteze muda kuziulizia. Na kama ulikuwa na ndoto za kuwinda, uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977.

Sasa chumvi. Hewa ya Nyali, Kizingo au Likoni hula chuma mwaka mzima, iwe kusi iwe kaskazi. Chuma kilichotiwa rangi ya buluu ya kizamani, ile inayopendeza machoni, ndicho kinachoanza kushika kutu, hasa pale mkono wenye jasho unaposhika. Mkoba wa ngozi unaongeza balaa, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuukumbatisha chuma. Bebea bastola humo ukipenda, lakini usiilaze humo. Sefu nayo, ikifungwa bila vifuko vya kukausha unyevu, inageuka chungu cha mvuke. Mimi ningeweka pesa ya sefu ya kufungwa kwa bolti ukutani, vifuko hivyo na mafuta ya bunduki kando kabla ya kutazama silaha yoyote. Asiye na bajeti ya sefu hana bajeti ya bastola.

Nafasi ya kwanza naipa bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati au kamili. Mfano unaojulikana zaidi ni Glock 17 ya mwaka 1982, inayobeba risasi 17, na mdogo wake Glock 19 wa mwaka 1988, wa risasi 15. Mwili ni wa plastiki ngumu, na chuma chake kimetiwa dawa inayoingia ndani ya ngozi ya chuma, si rangi ya juu tu. Pwani hilo linaonekana. Anayependa bastola nzito ya chuma kitupu aangalie ukoo wa CZ 75 kutoka Cheki. Uzito huo unatuliza mkono, na ndiyo maana washindani wengi duniani wanaipenda CZ Shadow 2. Lakini hiyo ni ya uwanjani hasa, na itakudai mafuta mara kwa mara.

Sababu kubwa ya kuiweka bastola juu ni kwamba ndiyo yenye mchezo hai hapa nchini. Mashindano ya kulenga kwa kutembea na kujikinga, yanayofuata kanuni za IDPA, chama cha kimataifa cha ulengaji wa bastola za kujihami, yana uwanja Kirigiti kule Kiambu. Ni safari kutoka Pwani, lakini silaha isiyofyatuliwa uwanjani haina mwenyewe. Bastola ndiyo ngumu kuliko zote kuilenga vizuri, na anayeinunua bila nia ya kufanya mazoezi afadhali ashuke nafasi ya pili.

Nafasi ya pili ni bunduki ya marisau, yaani inayomwaga goroli ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, ya kuvuta kwa mkono (pump-action), namba 12. Namba hiyo maana yake ni kwamba goroli 12 za madini ya risasi zinazoenea kwenye mtutu zina uzito wa ratili moja, na kipenyo chake ni karibu milimita 18.5. Remington 870 iko sokoni tangu mwaka 1950, na Mossberg ina toleo la 590 liitwalo Mariner, lililopakwa rangi ya fedha maalumu kwa ajili ya maji ya chumvi. Kwa mtu wa Pwani, hilo la Mariner ndilo la kuulizia.

Ila kuna uongo mmoja unaozunguka: eti marisau hutawanyika chumba kizima, huhitaji kulenga. Marisau makubwa hutanuka takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Sebuleni, mita tano, fungu lote linaenea kwenye kiganja cha mkono. Usipolenga utamkosa mwizi na kuipiga friji. Tena bunduki hii ina urefu wa karibu mita moja. Jaribu kugeuka nayo kwenye ukumbi wa nyumba ya Majengo, vyumba vitatu huku na vitatu huku, wapangaji wamelala, utanielewa.

Hapo ndipo kuta zinapoingia. Jiwe la matumbawe lililopigwa plasta vizuri litazuia mengi. Mlango wa mbao, dirisha, mabati na kipande cha plaiwudi kilichogawa chumba havizuii kitu, si marisau makubwa wala risasi ya bastola. Kabla ya kuchagua, tembea nyumbani kwako ukijiuliza kila upande risasi ikipita itafika kwa nani. Kama jibu ni kitanda cha mtoto wa jirani, nunua grili, taa za nje na mbwa. Mahakama nayo haitakuuliza kama mali ilikuwa yako tu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu uliyotumia kujikinga kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), yaani ilikuwa ya lazima na ya kadiri au la.

Ya tatu ni bunduki ya mitutu miwili iliyopangwa juu na chini, kama Beretta 686. Kwa kupiga visahani vya udongo haina mpinzani, na ukiikunja katikati kila mtu uwanjani anaona haina kitu. Nyumbani ina risasi mbili tu.

Ya nne ni rivolva, bastola ya kasha la risasi linalozunguka. Nyepesi kuelewa, ngumu kufyatua vizuri, risasi tano au sita. Chagua ya chuma kisichoshika kutu, au uache.

Mwisho kabisa ni bastola ndogo za mfukoni. Muuzaji atakwambia ni za kina mama. Zina teke kali kwa sababu ni nyepesi, mtutu wake mfupi unafanya shabaha kuwa kazi, na uwanjani hakuna anayefurahia kuzitumia. Mama anayetaka kununua apewe Glock 19 aishike, aone kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyonga mkono, kisha ashike na nyingine zilizo kabatini. Duka lisilokubali mteja mwenye cheti ashike silaha tupu kabla ya kulipa, toka.