Stika ya 91, daraja lisilovukika: uzoefu wangu na duka moja la CD za gemu Kariakoo

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi wa mlangoni aliyenisogezea kiti wakati mvua inanyesha. Wengine wote humo ndani hawajapata kitu.

Jina la duka silitaji. Anayekwenda Kariakoo kununua vitu vya PS, yaani PlayStation, mashine ya kuchezea gemu, atalijua kwa stika zake. Kila CD ya gemu, mpya au ya mtumba, imebandikwa duara la kijani lenye namba katikati: 88, 93, 79, 84. La njano hulioni, jekundu ndiyo kabisa. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari. Nikiletewa darasa zima lina A, nauliza kwanza nani kasahihisha. Basi nikauliza. Kijana wa kaunta akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Hizo za Metacritic, mama. Dunia nzima imekaa ikapiga hesabu." Metacritic ni tovuti inayokusanya alama za watathmini.

Nikachukua gemu la mapanga na mazimwi, 91, shilingi 80,000. Jina la gemu nalo nalificha, maana walioliunda sina ugomvi nao, mtaona huko mbele. Nilimwambia kijana natumia PS4, tena ile nene ya mwanzo kabisa. Akasema, "Hamna shida mama, hii ni ya PS4," na kweli kasha limeandikwa PS4.

Nyumbani likafunguka. Watu wake wanakuja kwanza bila nyuso, nyuso zinafuata wakishaanza kuongea. Nikavumilia. Miti inachipuka ghafla mbele ya farasi. Nikavumilia. Kisha kuna daraja. Hadithi haiendi popote bila kuvuka hilo daraja, kwa sababu mzee mmoja wa ng'ambo ndiye mwenye ufunguo wa kila kitu. Ukifika katikati, gemu linastaki, feni ya PS inapiga kelele nyumba nzima, halafu unarushwa nje na ujumbe wa hitilafu. Unawasha upya, unaanzia zizini, unapanda farasi, unakwenda darajani, linastaki. Nimejaribu kwa farasi na kwa miguu, usiku wa gemu na mchana wa gemu, kwa mbio na kwa kunyata. Yule mzee sijawahi kumwona sura.

Wajuzi watasema kuna apdeti, masahihisho ya gemu ya kushusha mtandaoni. Ipo, GB 40 na ushee. Kwa bando ninalonunua mimi, hiyo ni kufunga mdomo mpaka mshahara utoke. Wale wanaoandika tathmini wana intaneti isiyokatika. Apdeti ikitoka wanashusha, wanaendelea na chai yao, ndipo wanatoa alama. Kwenye ile stika hakuna palipoandikwa "91 baada ya GB 40".

Nikarudi dukani na CD yangu na risiti yangu. Nimeshazeeka kwenye kazi ya kuongea na vijana, kwa hiyo niliongea taratibu. Nikaeleza daraja. Kijana akanisikiliza nusu, akasema:

"Mama, ungemleta mtoto mwenyewe aje aeleze."

"Mtoto yupi?"

"Anayecheza."

"Anayecheza ni mimi."

Akacheka. Sio tabasamu, kicheko. Akamwita mwenzake wa upande wa spika: "Oya, njoo umsikie mama, anasema linastaki." Mwenzake akaja kunitazama kuanzia viatu. Halafu likaja lile neno ambalo mpaka leo nikiwa nasahihisha madaftari linanijia, nawakata watoto wa watu maksi bila sababu: "Mama, labda pedi ya kuchezea bado hujaizoea. Hili gemu lina 91. Dunia nzima imelipa 91, wewe peke yako ndio unasema bovu?"

Mwanangu, mimi nimecheza tangu enzi za zile kaseti za njano za kuchomeka, zilizoandikwa 9999 kwa 1 na ndani michezo haifiki hata ishirini. Wakati nalimaliza la mtu mwenye masharubu anayeruka mabomba, mama yako alikuwa hajakutana na baba yako. Haya sikuyasema, kwa sababu ya heshima ya watu waliokuwa kwenye foleni. Nilichofanya ni kutoa simu, nikafungua Metacritic palepale, nikalitafuta gemu. 91 ipo. Ni ya PS5, mashine mpya iliyofuata PS4. Nikabonyeza upande wa PS4: hakuna namba.  Metacritic hawatoi wastani mpaka wapate angalau tathmini 4 za toleo hilo, na toleo la PS4 halikuwa nazo. Yaani kitu nilichouziwa kwa sifa za dunia nzima, dunia nzima haikuwa imekigusa.

Nikamwonyesha. Akasema, "Si gemu ni lilelile, mama."

Hapo ndipo nikapandwa na mori, na najua watu wa kaunta hawakuwa na muda wa somo, lakini somo nililitoa. Nikamuuliza kama anakumbuka gemu la Cyberpunk 2077. Anaikumbuka, ameiuza. Nikamwambia: lilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na waandishi walipewa mapema toleo la kompyuta tu. Tathmini za kwanza zikawa asali tupu. IGN, tovuti ya tathmini za magemu, wakalipa 9 kati ya 10. Watu wakanunua la PS4 kwa imani ya alama hizo, wakakuta gemu linajizima na barabara hazina watu. IGN walipokuja kulipima kwenye PS4 na Xbox One wakatoa 4. Kwenye Metacritic leo la kompyuta lina 86, la PS4 lina 57. Sony wenyewe, wenye PlayStation, walilitoa kwenye duka lao wiki moja tu baada ya kutoka, likakaa nje mpaka Juni 2021. Gemu lilelile?

"Lakini lile walilirekebisha, mama," akasema. Na hapa, nikiri, aliniudhi zaidi kwa kuwa hajakosea. Walilirekebisha kweli, na leo watu wanalisifu. Ila toleo la 2.0 la mwaka 2023, lile lililorudisha heshima yao, halikupelekwa PS4. Mwenye PS4 aliachwa hapohapo alipo, na daraja lake.

Sitaki mtu adhani nalia na alama zote. Mimi natoa alama kila wiki, ndio mkate wangu. Ninachokataa ni namba kutembea peke yake bila mwenyewe. Metacritic ipo tangu 2001; inachukua tathmini za magazeti na tovuti, inazigeuza kuwa namba kati ya 0 na 100, inatafuta wastani. Wastani wenyewe una mizani: chombo fulani kinahesabika kuliko kingine, na mizani hiyo hawaitangazi. Mwanafunzi akiniletea jibu bila kuonyesha njia namkata, hata kama ni sahihi. Halafu gemu linapata rangi ya kijani kuanzia 75, ambapo kwa bahati ndipo A ya Kidato cha Nne inapoanzia. Filamu, kwenye tovuti hiyohiyo, inapewa kijani kuanzia 61. Maana yake wanajua kabisa kwamba kwenye magemu maksi hutolewa kwa mkono mwepesi. Kuna dada wa GameSpot, tovuti nyingine ya tathmini, aliyelipa hilo Cyberpunk 7 kati ya 10. Alitukanwa mtandaoni na watu ambao gemu lenyewe lilikuwa bado halijatoka walicheze. Saba! Kwangu mtoto mwenye saba kati ya kumi anarudi nyumbani anaruka.

GameSpot haohao mwaka 2007 walimfukuza mtathmini wao Jeff Gerstmann muda mfupi baada ya kulipa gemu la Kane & Lynch alama 6, wakati tovuti yao imejaa matangazo ya gemu hilohilo. Miaka ikapita, mwaka 2012, ndipo akaruhusiwa kusema wazi kwamba tathmini zake na shinikizo la watangazaji ndivyo vilivyomtoa. Na upande wa pili, wale wa Obsidian waliotengeneza gemu la Fallout: New Vegas walikuwa wamewekewa bonasi endapo wangefika 85 Metacritic. Wakapata 84. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha walimu tukabishana usiku kucha kuhusu maksi moja ya mtoto mmoja, na hapo hakuna mshahara wa mtu uliokuwa unategemea. Ukishajua hayo, stika ya kijani inaanza kukuwasha.

Basi tuwasikilize wachezaji wenyewe? Nao wana yao. Gemu la The Last of Us Part II lilipotoka Juni 2020, watu walimwaga sifuri kabla hata mtu mwenye mbio hajafika katikati ya hadithi, mpaka Metacritic wakaweka kizuizi: tathmini za wachezaji zinasubiri saa 36 baada ya gemu kutoka. Ila siwezi kuwalaumu kabisa, kwa sababu ya gemu la Helldivers 2. Mei 2024 Sony walitaka wanaocheza kwa kompyuta kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, wawe na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Sasa PSN rasmi Tanzania haipo. Sisi wenye PS huku tunajiandikisha kama watu wa Marekani au Afrika Kusini, kila mtu analijua hilo na hakuna anayelisema. Wachezaji duniani wakashusha tathmini mbaya kwa maelfu, na ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Alama za hasira zilifanya kazi ambayo 90 na kitu za wataalamu zisingeifanya. Ingawa nchi zisizo na PSN, zaidi ya 170, yetu ikiwemo, gemu lilikuwa limeshaondolewa kuuzwa kwao. Wenzetu walishangilia, sisi tukabaki tunachungulia dirishani.

Turudi dukani, nimeenda mbali.

Baada ya somo langu kijana akaniambia kurudishiwa pesa hakuna, ila anaweza kulipokea kama mtumba kwa 45,000, nichukue lingine niongeze. 45,000! Nikamuuliza, ukilipokea utaliweka wapi? Akanionyesha kwa kidole: rafu ileile ya PS4. Na stika? "Stika inabaki mama, alama haijabadilika." Alisema hivyo bila aibu yoyote, na mwenzake wa spika akatikisa kichwa kukubali.

Nikabeba CD yangu nikaondoka. Ningeishia hapa, duka lingekuwa na hukumu yake na mimi na usingizi wangu.

Ila dada yangu wa Tabata ana mtoto mwenye PS5, ile ya kuingiza CD, na kwao wamevuta intaneti ya waya. Nikampelekea mpwa wangu CD ileile. Ikakubali, ikashusha apdeti yake wakati tunakula, ikatubadilishia kuwa toleo la PS5 bila kulipia kitu. Watu wana nyuso. Miti imesimama inakusubiri. Tukapanda farasi tukaenda darajani, nikamwambia mpwa wangu akae tayari, hapa ndipo linapokufa. Tukavuka. Tukavuka kana kwamba pale hapajawahi kuwa na kitu. Ng'ambo mzee amekaa mlangoni na mbwa wake, na sauti yake, jamani, na hadithi anayoisimulia, na muziki unavyoingia taratibu wakati anakukabidhi ufunguo. Nilinyamaza nusu saa nzima. Kama mngeniuliza usiku ule ningesema wamelinyima, hilo ni gemu la 95. Asubuhi nikashusha ikawa 90. Sasa hivi ninavyoandika na hasira yangu, 91 naona ni haki kabisa, na hilo ndilo linaloniua.

Kwa sababu juzi nimepita tena pale kununua waya wa kuchajia pedi, maana hata ukikosana nao, bei ya waya yao ni nafuu. Kijana akanikumbuka. "Mama wa daraja! Vipi, ulivuka?" Nami, kwa uungwana niliolelewa nao Tanga, nikamwambia ukweli: nimevuka, kwenye PS5, na gemu ni zuri sana.

Akampigia mwenzake kofi la mgongo. "Si nilikwambia? 91 hiyo, mama! Uliona pedi imeshaizoea mikono!"

Waya ulikuwa 15,000, na unachaji vizuri, hilo siwanyimi. Kwa mwenye PS5 na intaneti yake, nendeni, mna bahati yenu, labda hata nyota tatu. Mwenye PS4 ashike simu mkononi, aangalie kama toleo lake lina namba yoyote kabla hajatoa pochi, na akiona hakuna aende duka la jirani, lile la juu ghorofani, wanaokuwashia CD uione kwanza. Mimi kila Jumamosi napanda daladala kwenda Tabata kucheza gemu langu kwenye runinga ya watu, mpaka lini sijui, na nauli hiyo ya kwenda na kurudi nilitaka kumuuliza yule kijana ananirudishia nani.