The Rookie, sizoni ya kwanza: polisi anayefundishwa kazi

Hii sizoni nilijaziwa kwenye flashi dukani Buzuruga, hapa Mwanza, episodi zote 20, na nimeipenda kuliko sizoni zote za polisi nilizowahi kuangalia. Nyingine zinaanza na mpelelezi aliyeiva tayari. Hapa unamwona askari akipikwa.

John Nolan (Nathan Fillion) alikuwa na kampuni ya ujenzi huko Pennsylvania. Ndoa imevunjika, majambazi wanamkuta benki, na baada ya hapo anaamua kwenda Los Angeles kuwa polisi akiwa na miaka arobaini na kitu. Kwetu matangazo ya ajira za polisi yanataka vijana, kwa hiyo unaweza kudhani wametunga tu. Hapana, wazo limetoka kwa askari wa kweli wa Los Angeles aliyeingia kazini na umri huo huo.

Utamu wote uko ndani ya gari la doria. Mafunzo ya chuoni (depo) wameshamaliza, sasa kila askari mpya anapangiwa mzoefu wa kumfundisha na kumpima, na akishindwa anaondolewa. Tim Bradford ndiye moto wa kuotea mbali. Anasimamisha gari ghafla na kumwambia Lucy Chen, askari mpya aliyepangiwa yeye: mimi nimepigwa risasi, ita msaada, tuko wapi? Binti anababaika, hajui ni mtaa gani. Niliisimamisha hapo nikamfikiria askari mgeni aliyepelekwa Igogo usiku, nyumba zimepanda mlima juu ya mawe, gari halifiki, njia ni za miguu tu. Yeye angesema yuko wapi? Tangu siku hiyo nawaheshimu zaidi askari wetu wa doria.

Shemeji yangu ni polisi, tuliangalia naye. Kamera za kifuani alizipenda sana, alisema zingemaliza ubishi mwingi. Ila alilalamika kwamba kazi ya kaunta haionekani vya kutosha: kuandika maelezo, kutoa RB (namba ya taarifa iliyoripotiwa kituoni), kukesha lindoni. Nakubaliana naye. Zamu moja ya Nolan ina matukio ambayo wilaya nzima ya Ilemela ingeyapata kwa mwaka. Na penzi la siri la Nolan na Chen halikuniingia kabisa, linakula muda ambao ningependa wautumie kwenye mafunzo.

Sajenti Grey, kwa upande wake, kaigizwa vizuri mno. Anamkataa Nolan waziwazi, na kila anapomkaripia anatoa sababu ambayo huwezi kuibishia.

Watoto walale kwanza, kuna damu, na kuelekea mwisho kuna msiba kituoni uliomliza mke wangu. Na ukienda kujaziwa, mwambie muuzaji aicheze kwanza mbele yako. Kiingereza cha redio za polisi kinakwenda mbio, na kwangu baadhi ya episodi maandishi ya chini yalikuwa yanachelewa.