Kitalu cha Mtwara kilichoniuzia wedelia kwa jina la mmea wa kwetu

Naandika nikiwa bado na hasira. Kitalu chenyewe kipo Mtwara mjini, jina sitaji. Nilikwenda kutafuta kitu kimoja tu: mimea mifupi ya asili ya huku, inayotambaa, nifunike ardhi chini ya mwembe ambako ukoka umegoma kwa kukosa jua. Mchanga wa mtaani kwetu Shangani ukiachwa wazi, mvua kubwa ikipiga unahamia barazani.

Nikamwambia muuzaji waziwazi, kaka, sitaki cha kuletwa. Akanitazama juu mpaka chini, akacheka. "Mama, vya asili ni magugu hivyo, kang'oe porini." Halafu akalainisha sauti, akanitolea miche yenye majani ya kung'aa na ua la njano, akaapa kabisa kwamba ni ya hapahapa pwani na inapenda kivuli. Shilingi 1,500 kila mche.

Ile ni wedelia! Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wameiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mvua zilipokolea ikapanda juu ya kila kitu. Shika shina moja linalotambaa ulivute: kila kifundo kimeshateremsha mizizi, linakukatikia mkononi, na kipande kilichobaki mchangani kinachipua upya. Maua ya njano yenyewe kivulini hakuna, labda mawili matatu kule pembeni jua linakofika.

Kinachoniuma ni kilichofunikwa chini yake. Pale palikuwa pameshaota lile jani la maua ya bluu yanayofumba kabla jua halijawa kali, na lile lenye maua meupe yenye madoa ya zambarau ambalo pwani watu hulipika mboga. Yalikuwa yanatambaa taratibu, hayadai maji wala mbolea. Hayo ndiyo nilitaka aniongezee.

Niliporudi kumweleza, hakunipa hata kiti. "Si uing'oe?" mbele ya wateja, huku anahesabu hela za mwingine. Pembeni yake kuna ZZ, ule mmea wa kupamba ndani ya nyumba, kwenye chungu cha kung'aa, bei ya kutisha, anamnadia dada mmoja kuwa ni mmea wa Uholanzi. Jamani! ZZ ni ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Waholanzi walianza kuizalisha kwa wingi miaka ya 1990 tu. Inavumilia kivuli na ukame kwa sababu ina viazi chini vinavyotunza maji, na jani lake moja dogo ukilichomeka kwenye udongo linaota, ingawa kwa pole sana.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Haki isemwe, miche yao ina afya, na binti anayemwagilia ana adabu; yeye ndiye aliyeninong'oneza kwamba miche ile huletwa na gari kutoka Dar. Kwa mpapai au mlimao, nendeni.

Hapana, nafuta. Anayeapa uongo kwenye ua ataapa na kwenye mlimao. Juzi jirani yangu karudi na trei nzima ya wedelia, kauziwa na mtu yuleyule, kwa kiapo kilekile.