Pasi ya msimu, na siku binti yangu alipoambiwa si yeye

Jambo hili limenikaa kifuani tangu siku ile, na wifi yangu ameshachoka kunisikiliza, kwa hiyo naliandika. Kama una watoto na unafikiria kuwanunulia pasi ya msimu, ile unayolipia mara moja ukaingia mwaka mzima, ya hizi bustani kubwa za bembea na mashine za kupanda za hapa Marekani, nisome mpaka mwisho. Ya pesa nitayasema pia. Lakini naanza na lililoniuma.

Sisi tuko Texas. Pasi nilizinunua kipindi kile cha baridi kuanza kuingia, wanapozishusha bei, maana ukilipa wakati ule unaingia siku zilizobaki za mwaka na mwaka mzima unaofuata. Nilinunua tatu, yangu na za wanangu wawili, na siku hiyohiyo tukapigwa picha. Binti yangu alikuwa na mabutu niliyomfunga asubuhi harakaharaka na pengo la meno mawili ya mbele, akacheka mpaka ufizi wote ukaonekana. Nilikuwa naipenda ile picha. Kila nikifungua programu yao kwenye simu kuangalia kama wamefungua, yeye ndiye wa kwanza kunipokea.

Sasa mtoto wa miaka tisa hakai na pengo mwaka mzima. Wala hakai na mabutu. Kufika kiangazi meno yalikuwa yameota, tena makubwa, uso umerefuka, na wifi alikuwa amemsuka rasta mpaka kiunoni zenye shanga nyeupe mwishoni. Kazi ya Ijumaa nzima mpaka usiku. Binti yake naye alimsuka vilevile wafanane, maana wamepishana miezi tu na wanapenda kuitwa mapacha. Jumamosi yake tukaondoka mapema, mimi, wifi na watoto wanne, pilau tumeiacha kwenye buti kwa sababu ndani hawaruhusu kuingia nayo. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, na Jumamosi ya kupumzika naipata kwa kubahatisha. Ile niliiomba wiki tatu kabla.

Mlangoni unaweka pasi kwenye mashine, picha yako inatokea kwenye kioo cha mhudumu. Mwanangu mdogo wa kiume akapita. Huyo kila mwezi ananyolewa upara, leo na mwaka jana ni yuleyule. Mimi nikapita. Binti yangu akaweka pasi yake, yule dada mhudumu akaangalia kioo, akamwangalia mtoto, akaangalia kioo tena, akasema, "Huyu siye."

Nikadhani anamtania. Nikamwambia amesukwa nywele, na picha ni ya zamani kidogo. Hakunijibu mimi. Akamuuliza mtoto jina lake, akalitaja. Akamuuliza tarehe ya kuzaliwa, na mtoto kwa hofu akataja mwezi, siku ikampotea. Hapo yule dada akanyanyua macho akamwona binti wa wifi amesimama nyuma na rasta zilezile na shanga zilezile, akaniuliza, "Hii pasi ni ya yupi kati ya hawa wawili?" Nikamwambia kila mmoja ana yake. Akasema pasi haiazimwi, na wakikuta mtu anatumia ya mwenzake wanaichukua na pesa hairudi.

Masharti hayo nayajua, nimeyasoma. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kilichofuata.

Alimwambia mwanangu azikusanye nywele zote kwa nyuma ili amwone uso. Mtoto akazikusanya kwa mikono miwili, shanga zinagongana, watu nyuma yetu wanaguna kwa sababu foleni imesimama. Kisha akamwambia, "Haya, tabasamu kama kwenye picha." Na mwanangu, kwa kuwa tumemfundisha kumtii mtu mzima, akatabasamu. Pale palipokuwa na pengo pana meno. Yule dada akatikisa kichwa.

Nimehangaika sana na kile kichwa kilivyotikisika. Nimekwenda nacho kazini, nimelala nacho. Mtoto amefanya kila alichoambiwa, ameonyesha uso, ametabasamu, na bado mtu mzima anamwambia kwa kichwa kwamba yeye si yeye. Sisemi kilikuwa ni chuki ya rangi, kilichokuwemo moyoni mwa yule dada sikukiona. Ninachosema ni kwamba watoto wetu ndio wanaobadilika sura namna hii kila baada ya wiki kadhaa, leo mabutu, kesho twende kilioni, keshokutwa rasta, na kama mlangoni hamjui kuangalia macho na pua na sikio, basi mnaotusumbua ni sisi zaidi ya wengine. Na kuuliza "ni ya yupi kati ya hawa wawili" kana kwamba watoto wawili weusi waliosukwa sawa ni mtoto mmoja, hilo sikulipenda wakati ule na silipendi sasa.

Tukatumwa dirisha la huduma kwa wageni. Wifi akaingia na wale watatu, maana kukaa wote juani hakukuwa na faida, na binti yangu akamwona mdogo wake anapita ndani yeye amebaki nje. Foleni ilikuwa ndefu na kivuli hakuna. Tulisimama kama saa nzima. Hakulia. Ningependa angelia. Alikuwa anazungusha shanga moja kwenye kidole, anaiachia, anazungusha tena.

Tulipofika dirishani, nikamwonyesha yule baba wa makamo picha ya kitambulisho chake cha shule kwenye simu. Hakuuliza mengi. Akageuza kamera ndogo iliyo juu ya meza, akampiga picha mpya, akabonyeza mahali, akasema tayari, pole sana, karibuni. Haikufika dakika moja! Saa nzima juani kwa ajili ya kitu kisichofika dakika moja, ambacho wangeweza kukifanya palepale mlangoni kama mtu angenyanyua simu ya upepo akamwita msimamizi.

Sasa ya pesa. Wifi yangu anasema naacha hasira inihesabie, na katika hili ana haki kiasi. Pasi inalipa. Maegesho peke yake kwa asiye na pasi ni zaidi ya dola 30 kwa gari, kabla hujanunua tiketi hata moja, na zetu zilikuwa na maegesho ndani yake. Ukienda mara mbili na watoto umesharudisha, ukienda mara ya tatu unaanza kula faida, na sisi tulikwenda zaidi ya hapo. Tena kuna uhuru wa namna yake. Mimi nimekulia Temeke, na bembea kwangu ilikuwa Sabasaba, mara moja kwa mwaka, mama ananunua tiketi za bembea mbili na baada ya hapo unasimama kwenye uzio unawaangalia wenzako. Kumwambia mtoto wako panda, shuka, panda tena mpaka uchoke, kwangu mimi ni jambo linalonigusa moyoni. Hata hali ya hewa ikiharibika, mwenye pasi ana nafuu. Kiangazi cha huku mawingu ya mchana yanajikusanya ghafla, na radi ikikaribia wanasimamisha mashine zote ndefu za kupanda mpaka itulie. Mwenye tiketi ya siku anapoteza siku yake. Sisi tunaondoka, tunarudi Jumapili.

Na nitasema la haki zaidi. Siku ileile, baada ya yote, kijana aliyekuwa anaendesha mashua za kuzunguka alimwona binti yangu amenuna, akamuuliza zile shanga ziko ngapi. Mtoto akasema hajui. Kijana akamwambia akae kiti cha mbele kabisa azihesabu, atamuuliza akishuka. Akashuka akasema sitini na nne. Kijana akamwinulia kidole gumba. Hicho tu. Nilitaka kumkumbatia yule kijana. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia wifi, potelea mbali, nitanunua tena mwakani.

Nilikuwa bado na msimamo huo nilipowaandikia malalamiko. Sikudai pesa. Niliomba vitu viwili: yule mhudumu aelekezwe, na mlangoni wawe wanaruhusiwa kubadilisha picha za watoto. Jibu la kwanza lilinishukuru kwa kuwa mteja wao na kunieleza kwamba pasi haiazimwi. Nikaandika tena, nikieleza kwamba hakuna aliyeazima. Jibu la pili lilikuwa na maneno yaleyale kasoro salamu. La tatu lilikuja na vocha ya chakula cha mtu mmoja. Mtu mmoja! Sikusema nina njaa. Nilisema mwanangu amedhalilishwa mbele ya watu.

Hapo ndipo niliporudi nyuma kwenye kile nilichomwambia wifi garini. Kwa sababu ukifikiria, kitu unachokinunua unaponunua pasi ni ahadi kwamba ukifika mlangoni utaingia. Hayo mengine yote ni nyongeza. Na ahadi hiyo si mara ya kwanza kukwama mlangoni. Mwaka 2021 Disneyland kule California walileta pasi mpya za daraja nne, ya juu kabisa ikiuzwa dola 1,399 na kunadiwa kwamba haina siku za kuzuiwa, yaani siku ambazo mwenye pasi haruhusiwi kuingia. Watu wakalipa, kisha wakifungua kalenda ya kuweka nafasi, maana hata mwenye pasi ilimbidi aweke nafasi kabla ya kwenda, wanakuta siku wanazozitaka zimejaa kwao, huku tiketi za kawaida za siku hizohizo bado zinauzwa. Kesi ikafunguliwa, na ikaishia kwa makubaliano ya kampuni kulipa dola milioni 9.5, bila kukiri kosa. Ukizigawa kwa watu waliokuwa na ile pasi, kila mmoja anapata chini ya dola mia. Wifi aliposikia akasema, basi wenzako wamelipwa, wewe una vocha. Sikumjibu.

Nimejaribu pia kumwelewa yule dada. Wengi wa wahudumu wale ni vijana wa kazi za msimu, wanasimama juani kutwa, na bila shaka wameambiwa wawakamate wanaoazimana pasi, maana wapo. Bustani nyingi siku hizi zimeongeza masharti mlangoni, watoto wa chini ya umri fulani hawaingii jioni bila mtu mzima, kwa sababu ya makundi ya vijana waliokuwa wakipigana ndani. Sharti hilo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kazi ya mlango ikigeuka kuwa ya kumshuku kila anayekuja, lazima awepo mtu anayewafundisha mipaka. Mtoto wa miaka tisa aliye na mama yake hashikishwi nywele zake kwa amri, wala haambiwi atabasamu athibitishwe. Ukiwa na shaka, niite mimi pembeni, uliza kitambulisho, nitakupa. Mimi ndiye niliyelipa.

Kwa hiyo kwa anayeniuliza kama anunue: kama watoto wako wanabadilisha nywele, nenda dirisha la huduma kwa wageni kabla ya kwenda mlangoni, mapema wanapofungua, waambie wabadilishe picha. Beba kitambulisho cha shule. Fanya hivyo kila akiota meno, kila akisukwa. Nilipomweleza hivi dada mmoja wa kanisani akanijibu, "Sasa nikimsuka mwanangu lazima nikaripoti?" Na tangu aliponiuliza hivyo, ushauri wangu mwenyewe naona unanikera. Kwa nini nikaripoti? Mzungu akimkata mwanawe nywele anakwenda kuripoti wapi?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema nunueni, ila muwe waangalifu. Sasa sisemi hivyo. Pesa inarudi, hilo ni kweli, na nimelisema. Ila ile picha mpya ndiyo iliyomo kwenye simu yangu sasa. Amefumba mdomo, hatabasamu, na macho yanaangalia pembeni ya kamera, kule walikoingia wenzake. Nikifungua programu yao, yeye ndiye bado wa kwanza kunipokea.

Ofa ya mwaka ujao imeshaingia kwenye barua pepe, bei ni ileile, na wameandika kwamba inakwisha hivi karibuni. Niliiacha hapo siku kadhaa. Jumapili iliyopita wifi alikuja na pakiti za rasta, shule zinakaribia kufunguliwa, akaweka mto chini na kumwita binti yangu akae. Mtoto akasimama mlangoni mwa chumba, akaniuliza mimi, si shangazi yake, kama kule tutakwenda tena kabla ya hizi kufumuliwa.

Nikamwambia hatuendi.

Akaja akakaa.